Joka la Sehemu ya Tatu

Aghalabu wajuzi wa senema huidharau filamu ya zimwi iliyoundwa kwa fedha haba ili ifuate nyayo za nyingine iliyotangulia kupata faida. Wala sikatai kwamba Anaconda ya tatu, iliyopigwa Romania kwa ajili ya televisheni na kutolewa mwaka 2008, akiwamo David Hasselhoff mahali pa Jennifer Lopez na Jon Voight wa ile ya 1997, ni kazi dhaifu, yenye joka la kompyuta lisiloonekana kuwa na uzito wowote. Lakini filamu ya namna hiyo ikiingizwa katika kibanda cha video cha Kitale au Bungoma, penye kuta za mabati na mabenchi ya mbao, haisemi tena kwa ulimi wake, bali husemewa na DJ, yaani msimulizi anayeifasiri kwa kipaza sauti, na ufundi wa mtu huyo, kwa rai yangu, haujapewa taadhima inayoustahiki.

DJ hodari, kama DJ Afro ambaye sauti yake imeenea Kenya nzima, hujua wakati wa kunyamaza ili maji ya mto yasikike, wakati wa kumpa mwigizaji butu ghadhabu asiyokuwa nayo usoni, na wakati wa kuikumbusha hadhira ni nani aliyemezwa katika sehemu ya kwanza na deni gani la damu limebaki. Filamu tajiri hulishibisha jicho, ikamwachia msimulizi nafasi finyu. Ile fukara, maadamu joka halitishi na mazungumzo hayana ladha, humwachia uwanja mzima, naye asipoujaza kwa fasaha, watu huinuka wakaenda zao.

Tena hadhira ya Bungoma si rahisi kuitisha kwa joka. Wabukusu wa huko wamerithi kisa cha shujaa Mango, aliyejificha katika pango la Mwiala akalikata kichwa lile joka lililokuwa likiangamiza watu na mifugo, na wasimulizi husema kichwa hicho, kikiwa kimekwisha kutengana na kiwiliwili, kiliruka kikauma mti, mti ukanyauka. Kwa ushujaa huo Mango alipashwa tohara, na kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti inapowadia, vijana wanapoingia jandoni, kisa huhuishwa upya mbele ya watu wanaokijua tangu utotoni, na bado husikilizwa. Watu waliolelewa hivyo hawaoni aibu yoyote katika kurudiwa kwa zimwi. Wanachodai ni kwamba mwenye kurudia awe na ulimi.

Ndiyo maana DJ wa huko hazimi kipaza sauti majina ya waigizaji yanapoanza kupanda kwenye kioo, bali huendelea kueleza joka limekimbilia wapi na limeacha nini nyuma yake, hata vijana wakaanza kuidai sehemu ya nne, ambayo kwa hakika ipo, kwani ilitolewa mwaka 2009.