Kina cha Maji, Pumzi ya Njiti

Mtoto akizaliwa wiki ya 28 ya ujauzito, kuvuta hewa si tatizo lake pekee. Akitoa pumzi, vifuko vya mapafu hunywea na kugandana, kwa kuwa ute wa kuvizuia hautoshi mpaka kwenye wiki ya 34 hivi. Kila pumzi inakuwa kazi ya kuvifungua upya. Utamsikia akiguna, mbavu zikibonyea ndani, hadi nguvu zimwishe. Oksijeni ya puani peke yake haivishikilii vifuko hivyo. Kinachotakiwa ni msukumo mdogo usiokatika, na mwaka 1971 George Gregory na wenzake huko San Francisco waliutumia kwa watoto 20, wakapona 16.

Mashine ya viputo, wauguzi wanaiita CPAP, huupata msukumo huo kwa maji. Hewa huingia puani, na mrija wa kutokea huzamishwa ndani ya chupa. Ukizama sentimita 6, mapafu hubaki na shinikizo la sentimita 6 za maji. Kulipunguza ni kuupandisha mrija. Viputo vikikoma, kuna mahali panavuja, mara nyingi puani au mdomoni.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliunda ya bei nafuu kwa pampu za matangi ya samaki, ikajaribiwa hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Matokeo yalichapishwa 2014: waliowekewa walipona asilimia 71, wa oksijeni pekee 44. Watoto walikuwa 87 tu, tena hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo tarakimu hizo nazishika kwa tahadhari. Lakini namna inavyofanya kazi siitilii shaka.

Sasa fikiria njiti wa Shelly Beach, Likoni, anayepewa rufaa kwenda hospitali kuu ya Pwani, kisiwani Mombasa. Atavuka Kilindini kwa feri, au azungushwe Dongo Kundu. Msukumo ukikatika njiani, vifuko hugandana tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema wanaozaliwa kabla ya wiki ya 32 wanaweza kuanzishiwa CPAP mara tu wazaliwapo, hata kabla hawajaanza kuhema kwa shida. Kwangu mimi hilo linamaanisha mashine ianzie chumba cha kujifungulia cha Likoni, isingoje nasari ya kisiwani. Ambulensi nayo iwe na yake yenye betri, na kichanganyio cha hewa, maana oksijeni tupu huweza kuharibu macho ya njiti. Na muuguzi aketi karibu na chupa, avuke naye.