Adah, Daktari na Miezi Sita ya Kwanza

Wengi tunaisoma Second-Class Citizen ya Buchi Emecheta kwa sababu ya ndoa ya Adah na Francis. Tunasoma mpaka pale Francis anapouchoma mswada wa mkewe, tunafunga kitabu, tunawalaani wanaume, tunalala. Hata mimi chuoni niliisoma hivyo. Mara ya pili niliisoma Ruangwa, katikati ya mwaka 2019, nikiwa na mimba ya miezi mitatu ambayo ofisi yangu mpya haikuijua. Safari hiyo nilikwama kwenye kurasa chache ambazo darasani hakuna aliyezigusa.

Kwa ambao hawajakisoma: kitabu kilitoka mwaka 1974. Adah anamfuata mumewe London kutoka Lagos, na watoto wawili mkononi. Mume anasoma, mke ndiye anayelisha nyumba. Anapata kazi kwenye maktaba ya North Finchley, kazi ya mezani, ya heshima, ambayo Francis haamini kama mtu mweusi anaweza kupewa. Shida ni kwamba Adah ana mimba tena, na kabla ya kuanza lazima apimwe afya. Basi anafanya nini? Anamchangamkia daktari mzee. Anatabasamu, anachekacheka, mpaka mzee wa watu anasahau kuangalia panapotakiwa kuangaliwa. Anapita. Kazi anaipata.

Emecheta haweki mahubiri hapo. Analipitisha tukio haraka, kwa utani, kama mama anayesimulia jikoni huku anakatakata vitunguu. Adah hatubu wala haoni aibu. Kwangu, hapo ndipo mwandishi alipoonyesha ujasiri mkubwa kuliko hata kwenye kurasa za vipigo. Vipigo kila msomaji atavilaani. Lakini mwanamke anayeficha tumbo ili apate mshahara? Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, tena mwanamke, alijibu bila kufikiri: "Huyo si tapeli tu?"

Swali lake limenikaa miaka yote hii, kwa sababu utapeli huo mimi niliufanya.

Kazi niliyopata ilikuwa ya habari na mawasiliano, katika ofisi ambayo sitaitaja. Kwenye usaili niliulizwa kama "nina mpango wa kuzaa karibuni". Mwanaume aliyesailiwa kabla yangu, tulipokutana kwenye kibanda cha chai, aliniambia yeye aliulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano. Nilijibu hapana. Wakati huo nilikuwa nimeshachelewa wiki mbili.

Fomu ya afya ilikuwa na kisanduku cha ujauzito: ndiyo au hapana. Daktari alikuwa kijana, na Ruangwa nzima ilikuwa bado na sherehe ya Namungo kupanda Ligi Kuu. Nikamwuliza, "Daktari, Simba na Yanga watatuweza kweli msimu huu?" Alizungumza robo saa. Alipima presha, akagonga muhuri, kisanduku kikabaki wazi. Niliposoma ukurasa wa Adah mwezi mmoja baadaye, nilicheka peke yangu kitandani. Kisha nikalia.

Hapa ndipo ninapomlaumu Emecheta kidogo. Ametupa siku ya kupimwa, lakini siku zinazofuata amezipita mbio mno. Kuficha mimba kazini ni kazi nyingine isiyo na mshahara. Ni kutapika chooni na kufungua bomba ili mtu asisikie. Ni kupanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi kwenda kuhoji wakulima wa ufuta, kwa sababu ukikataa utaulizwa kwa nini. Ni kununua madera mapana mawili na kusikia wenzako wakikusifu, "Dada, hali ya hewa ya huku imekukubali." Nilitamani Adah anisimulie hayo.

Kwenye rafu zetu za Kiswahili sikupata msaada. Mimba tunazo nyingi. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) inazo, Hatia ya Penina Muhando (1972) inayo. Lakini katika vitabu nilivyosoma, mimba inayojenga kisa ni ya msichana "aliyeharibikiwa": inakuja kama adhabu, mwisho wake ni fedheha au kaburi. Mwanamke wa kawaida, mwenye cheti, mwenye mume anayetafuta kazi Mtwara, ambaye mimba yake ni heri nyumbani na kosa ofisini, sijamkuta. Hana msiba wa kutosha kuandikiwa riwaya, labda.

Kwa hiyo nikasoma sheria kama ninavyosoma hadithi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, ina wahusika wanaopingana. Kifungu cha 37 kinasema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 35 kinasema ulinzi huo haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Na kifungu cha 33, kinachotoa likizo ya uzazi ya siku 84, kinamtaka mama atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua. Sasa piga hesabu. Niliingia na mimba ya miezi miwili. Taarifa nilitakiwa kuitoa mimba ikiwa na miezi sita, yaani mwezi wangu wa nne kazini. Sheria ilinitaka niseme miezi miwili kabla haijaanza kunilinda.

Nilisema. Ilikuwa Oktoba. Bosi alisema, "Ungetuambia mapema, mama," kwa upole kabisa. Novemba nikapewa barua ya mistari minne: katika kipindi cha majaribio, imeonekana sikukidhi matarajio. Imeonekana na nani? Matarajio yapi? Neno ujauzito halimo. Nimehakiki vitabu vingi, lakini sijakutana na maandishi mengine yaliyoficha tumbo kwa ustadi ule. Nikilinganisha, Adah ni mwanafunzi tu.

Kwa hiyo rafiki yangu, jibu langu ni hili. Anayeuliza "una mimba?" kabla ya kutoa kazi ameshaamua jibu moja lina thamani na jingine halina. Adah hakumwibia mtu. Alikataa kulipa ushuru ambao Francis hakuwahi kudaiwa.

Kitu kimoja nilikikosa kwenye usomaji wangu wa haraka. Nilipofika kifungu cha 35 nilikata tamaa, nikafunga. Sikurudi nyuma mpaka kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kazini, mimba ikiwa imetajwa kwa jina, na kinachosema mfanyakazi ni pamoja na yule anayeomba kazi. Hicho hakisubiri miezi sita. Lile swali la usaili lenyewe lingetosha kunipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilikisoma mwanangu akiwa anatambaa, na siku 60 za kupeleka lalamiko zilikuwa zimeshapita zamani.

Someni Emecheta. Someni na kifungu cha 7, mkiwa bado na siku mkononi.