Adabu ya Kibanio

Katika miji ya Uingereza, majira ya baridi yaingiapo na jua likatua kabla ya watu kutoka makazini, wako wanaokusanyika jioni ndani ya kumbi za shule, wakatandika mazulia sakafuni, wakayawekea mipaka ya mbao na vilima vya kurukia, kisha wakashindanisha magari ya rimoti ambayo urefu wake haufiki dhiraa moja. Mgeni apitaye mlangoni hudhani ameona mchezo wa watoto, lakini akiingia na kutazama vema atakuta kwamba walioinama juu ya meza, miwani puani na bisibisi mkononi, aghalabu ni watu wenye mvi.

Nilimtazama mmoja wao akijaza mafuta shokapu za gari lake. Alishika kimrija cha urefu wa kidole, akakitia mafuta ya silikoni mpaka ukingoni, kisha akaipandisha na kuiteremsha pistoni taratibu, taratibu mno, ili vipovu vya hewa vilivyojificha chini yake vipate njia ya kupanda. Halafu akakisimamisha mezani, akaweka mikono mapajani, akatulia. Kijana aliyeketi mkabala naye, ambaye gari lake lilitoka dukani likiwa limekwisha kuundwa, tayari kwa mbio, alimwuliza anangoja nini. Mzee akamjibu kwamba anangoja hewa itoke.

Jibu hilo halikumtosheleza kijana, na sikushangaa, maana asiyepata kuifungua shokapu hana sababu ya kujua kwamba hewa hubanika na mafuta hayabaniki, na kwamba kipovu kimoja kilichosahauliwa hulifanya gurudumu la kulia lisiafikiane na la kushoto, hata gari likiruka kilima likashuka upande, na dereva akalaumu uwanja. Shokapu ni nne, na kila moja yataka ngoja yake. Mzee yule hakuharakisha hata moja, ijapokuwa zamu yake ilikuwa karibu kuitwa.

Ufundi wa kuunda gari kutoka katika sanduku la vipande una ilimu nyingi za namna hiyo, ambazo hazisomeki vitabuni bali hukaa vidoleni. Skrubu iingiayo katika plastiki hukazwa hadi inapoanza kukataa, wala haisukumwi mbele ya hapo, kwa kuwa ikipitishwa hula njia yake na haishiki tena abadani. Bodi hukatwa kwa mkasi kutokana na plastiki nyepesi iliyo angavu, na hupakwa rangi kwa ndani, sio kwa nje, ili ikibiringika isichubuke. Basi mpakaji rangi hulazimika kuanza na nakshi ndogo ambazo wachoraji wengine humalizia nazo, na rangi ya usuli ikaja mwisho. Nimewaona mahodari wa kazi hiyo wakikaa kitako usiku kucha kwa bodi ambayo wanajua kwamba, baada ya wiki chache za kugonga mbao, itakuwa imepasuka.

Asili ya mchezo huu hutajwa kuwa Italia, ambako mwaka 1966 kampuni ya El-Gi ilitoa kigari cha Ferrari kilichoongozwa kwa mawimbi; lakini waliouingiza majumbani mwa watu ni Wajapani. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka ilipotaka kuunda mfano wa Porsche, ilinunua gari zima la kweli la Porsche na kulifungua kipande kwa kipande ili ilijue umbile lake, na mwaka 1976 ikauza Porsche 934 ndogo iliyokwenda kwa rimoti. Mwaka 1984 likaja Grasshopper, gari la bei ya kadiri ambalo watoto wa nchi nyingi waliliunda sakafuni kwa mikono yao, na mwaka huo huo Wamarekani wa Team Associated wakatoa RC10, gari la ushindani hasa. Bingwa Masami Hirosaka wa Japani, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 14, alitoka katika kizazi hicho cha bisibisi na grisi.

Wala sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kama kwamba ni geni. Mtoto wa kwetu aliyesokota waya akafanya fremu, akakata ndala kuukuu akapata matairi, akaunganisha usukani mrefu ili aliendeshe gari lake akiwa amesimama wima, alijua kila kiungo cha chombo chake kabla hajakikimbiza mchangani. Na lilipopinda, hakulilia, alilinyosha.

Lakini katika yote yaliyopotea katika mchezo wa rimoti, ninalolisikitikia zaidi ni kibanio. Kabla ya kuja kwa masafa ya gigahezi 2.4, rimoti nyingi zilitumia mawimbi ya megahezi 27, na kila rimoti ilikuwa na kristali ndogo iliyoamua wimbi lake, ilhali kristali pacha yake ilikaa ndani ya gari. Rangi kuu zilikuwa sita: kahawia, nyekundu, chungwa, manjano, kijani na buluu, na mtu alifunga utepe wa rangi yake kwenye antena. Wawili wa rangi moja hawakuweza kuwasha kwa wakati mmoja, kwani wa pili alimpokonya wa kwanza gari lake pasi na kulishika, likaenda mbio mpaka ukutani.

Kwa hiyo palitundikwa ubao, na juu ya ubao vibanio vya nguo vilivyopakwa rangi. Asiye na kibanio cha rangi yake hakuthubutu kuwasha. Aliyemaliza alikirudisha mara moja, maana mwenzake alikuwa akikingoja. Neno la kwanza la mwanafunzi aingiapo ukumbini lilikuwa swali: “Wewe uko rangi gani?” Akaulizia hivyo meza kwa meza, na kabla ya magurudumu kuzunguka alikuwa amekwisha kuwajua watu kumi, hususan yule wa rangi yake, ambaye tangu siku hiyo ilimbidi kushauriana naye. Urafiki mwingi ulizaliwa kwa sababu ya wimbi moja lisilotosha watu wawili.

Siku hizi vyombo vyenyewe hutafuta nafasi hewani. Siipingi neema hiyo, na magari mengi yamenusurika kwa ajili yake. Ila mwanafunzi wa leo aweza kuingia, akawasha, akashindana, akatoka, asimwulize mtu neno. Basi ni nani atakayemwambia aanze na mota ya taratibu? Nani atakayesimama ubavuni mwake pale gari linapogeuka kumwelekea, mkono wa kulia ukawa wa kushoto, na vidole vikamsaliti? Desturi ingaliko kwamba aliyemaliza mbio zake husimama kando ya uwanja kuyainua magari ya wenziwe yaliyopinduka, lakini wako wanaofunga mikoba mapema, na magari yakalala kifudifudi yakingoja msamaria.

Nimeona gari zima likiuzwa kwa nusu ya bei yake kwa sababu ya mkono wa mbele uliovunjika, ambao kuubadilisha ni kazi ya skrubu chache na kipande cha fedha ndogo. Muuzaji alisema limekwisha. Mnunuzi, mtu wa makamo aliyekuwa na bisibisi mfukoni, alilipa haraka wala hakubishana naye.