Kipande cha Mizani 8

Ukitaka kumjua fundi wa shairi, usiangalie ubeti mzima. Tazama kipande. Katika tarbia ubeti una mishororo minne, na kila mshororo hukatwa katikati: ukwapi mbele, utao nyuma. Kila kipande kwa kawaida huchukua mizani 8 na hufungwa kwa kina chake. Neno lililoanza kwenye ukwapi haliruhusiwi kumalizikia kwenye utao. Mshairi atafute neno jingine, hata akeshe.

Jaribu hiki: "Mtu hakosi nduguye." M-tu-ha-ko-si-ndu-gu-ye. Nane. Weka "mwana" mahali pa "mtu", bado ni nane, maana mizani ni silabi zinazosikika, wala si herufi, na ile m ya "mtu" ni silabi kamili. Mizani ikizidi, malenga ana inkisari ya kulifupisha neno. Ikipungua, ana mazida ya kulirefusha. Ni ruhusa halali, ila hodari huzitumia kama chumvi.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za utunzi mwaka 1954. Muyaka bin Haji alikuwa ametunga kwa vipande hivyo hivyo Mombasa zaidi ya miaka 100 kabla yake, na watu wakamhifadhi vifuani.

Kwenye utenzi kipande kina hadhi kubwa zaidi. Katika miswada ya kale ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi ulikaa mstari mmoja, vipande vinne vikitengwa kwa alama. Vitatu vya kwanza hulingana kina. Cha nne hubeba bahari, kina kinachorudi ubeti hadi ubeti mpaka utungo uishe. Ndivyo Mwana Kupona binti Msham alivyomuusia bintiye mwaka 1858. Vitabu vya kuchapwa vikavipanga vipande hivyo kimoja chini ya kingine, na shuleni vikaitwa mishororo. Mimi nabaki na wazee. Ghani utenzi wowote kwa sauti, utasikia kwamba kipande ni pumzi, na kwamba ubeti wote wa pumzi nne ni kauli moja isiyokatika.

Kwa hiyo nawaomba walimu: kabla ya kuwaambia wanafunzi wahesabu mizani kwa vidole, waghanieni kwanza, nao waghani. Hesabu itafuata, tena itawaingia upesi.