Vali ya Namba 1

Kapteni John Murray aliitua Super Constellation juu ya Atlantiki usiku, kwenye mawimbi makubwa, akiwa na injini moja. Kazi safi. Lakini ndege ile haikuwa na sababu ya kufika majini, na kila mwaka sifa za kapteni zinatumika kulifunika hilo.

Mnaijua safari yenyewe: Flying Tiger 923, 23 Septemba 1962, imekodiwa na jeshi la Marekani, watu 76 ndani, askari wa miavuli wakiwemo, kutoka Gander kwenda Frankfurt. Injini namba 3 ikashika moto. Sawa. Connie, kama Super Constellation ilivyoitwa kwa mkato, ilishazoeleka kurudi na injini tatu hata ikawa mzaha viwanjani.

Ndipo mhandisi wa ndege akafunga vali ya dharura ya namba 1. Namba 1! Moto uko bawa la kulia, injini ya ndani. Yeye anainyima mafuta ile ya nje kabisa, bawa la kushoto, iliyokuwa inavuta bila kasoro. Panga boi lake likapitiliza kasi, ikabidi lizimwe. Baadaye namba 2 ilipoanza kuugua, akiba ilikuwa imeshatupwa kwa mkono wa mtu. Wachunguzi waliandika hivyohivyo: injini mbili ziliharibika, ya tatu iliuawa kimakosa.

Wasomaji wangu wa zamani watacheka, maana wimbo wangu ni uleule: taja namba kwa sauti, mwenzako aitazame na aitikie, ndipo uguse. Moto wa injini unaweza kungoja pumzi mbili. Na wanaonijibu kwamba "ni makosa ya kibinadamu" wananichosha. Utaratibu uliwekwa kwa sababu ya binadamu.

Tazameni tena filamu ya kapteni Richard Ogg akitua majini, Oktoba 1956. Stratocruiser, injini mbili zimekufa katikati ya Pasifiki. Akaizunguka meli ya Pontchartrain mpaka kukapambazuka, akawahamisha abiria kutoka mkiani kwa kuwa alijua mkia wa aina ile hukatika. Ulikatika. Watu 31, wote wazima. Haraka iko wapi hapo?

Murray hakuwa na anasa ya kungoja alfajiri. Bawa la kushoto lilinyofoka likaondoka na boti zake za mpira. Watu 51 wakajazana kwenye boti moja ya watu 25, nayo imepinduka. Walionusurika ni 48. Aliyebuni kuficha boti mabawani, naye nina neno naye, wiki ijayo.