Hongera, Malya
Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, wilaya jirani na Magu, kinastahili pongezi kwa kumfunda mtu mzima kwanza, yaani mwalimu. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikikaribia, mwalimu wa michezo asiyesomea kazi huchagua watoto hodari kumi na mmoja. Wengine hubaki kulinda mabegi. Aliyesomea huugawa uwanja uleule wa vumbi vipande vinne, kila mtoto akaugusa mpira. Wapo wasemao fedha za masomo hayo zingenunua mipira na nyavu. Hoja ina uzito, maana vifaa ni haba kweli. Lakini mpira usio na mwalimu huishia miguuni mwa wababe. Halmashauri ya Magu, pelekeni walimu Malya, hata wawili kwa mwaka.