Barza haining'inii

Leo nataka tubishane juu ya kitenzi kimoja.

Tukiona barza ya etaje imetoka nje ya ukuta bila nguzo chini, tunasema "inaning'inia". Mimi nakataa. Kinachoning'inia kinashikwa toka juu, kama popo kwenye tawi. Barza ile haina kitu kinachoivuta toka juu. Inashikwa nyuma, ndani ya nyumba.

Kifaransa nacho hakitutoshelezi. Surplomber inatokana na plomb, risasi, ile ya timazi ya masoni. Maana yake ya kwanza: kitu kimepita mstari wa timazi. Basi neno linaonyesha kitu kimefika wapi, halionyeshi kinashikwa na nini. Na sisi tunaliandika hata kwa nyumba iliyojengwa tu kilimani juu ya ziwa. Porte-à-faux iko na ukweli zaidi, inakubali kwamba mzigo umekaa pasipo na kitu chini.

Mtasema: maneno tu hayo. Hapana, ni mambo ya vyuma. Dale iliyolala juu ya kuta mbili inavutika upande wa chini, njo maana fera kubwa zinawekwa chini. Barza iliyotokeza ni kinyume: inavutika upande wa juu, zaidi pale inapotoka ukutani. Masoni akiweka fera chini kwa mazoea, beto itapasuka juu, na barza inaweza kuanguka siku ya sherehe, watu wamejaa.

Hata wakubwa walipata shida. Frank Lloyd Wright alichora Fallingwater, kule Pennsylvania, mwaka 1935, na sebule na barza zake zimetokeza juu ya maji. Zilianza kuinama mapema, vyuma havikutosha. Mwaka 2002 walipitisha nyaya za chuma ndani na kuzikaza ili zisiendelee kushuka.

Sisi wa kilimo tulipaswa kujua. Tawi la mti wa maembe lililolala pembeni linatengeneza mbao ya pekee upande wake wa juu, ule unaovutwa. Mti haukusoma, lakini haukosei upande.

Kwa hiyo tuseme barza "inatokeza", na palepale tuulize: huko nyuma inashikwa na nini? Masoni akikosa jibu, beto isimwagwe kwanza. "Kuning'inia" tuwaachie popo.